Usikhi Hauna Kabila, na Amrit Si Hatua ya Kwanza

Juma lililopita niliambiwa kwa mara nyingine, na mtu msomi wa hapa Kisumu, kwamba hakuna awezaye kuwa Kalasinga, yaani Sikhi, asipozaliwa na Makalasinga. Aliyasema hayo kwa uhakika kamili, mbele ya kijana wa Seme ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akiketi na sangat, yaani jumuiya ya waumini, akiosha sahani za langar, chakula cha bure tunachokula pamoja, na kujifunza Japji, sala yetu ya asubuhi, herufi kwa herufi. Mimi hufundisha Gurmukhi, maandishi ya Kipunjabi, na kuwapokea wageni katika gurdwara, nyumba yetu ya ibada, na dai hilo nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba subira yangu imekwisha. Safari hii ninalijibu kwa maandishi, kwa sababu linawadhuru watu wa pande mbili: linamvunja moyo anayetafuta, na linamfanya aliyezaliwa ndani aamini kwamba amerithi kitu ambacho hakirithiwi.

Chanzo cha kosa hili nakifahamu. Wazee wengi wa Nyanza walimjua Sikhi kama fundi wa reli, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika hapa ziwani mwaka 1901, wakati mji huu ukiitwa Port Florence. Waashi, wahunzi na maseremala kutoka Punjab walibaki, wakafungua karakana, wakajenga gurdwara katika miji ya njiani. Ile ya Makindu, ya mwaka 1926, hadi leo huwalisha wasafiri wa kila kabila bila malipo, lakini wengi wanaokula pale huondoka wakidhani wamekaribishwa nyumbani kwa Wahindi. Kizazi kilichofuata kilimshangilia dereva Joginder Singh aliposhinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Kisha mwaka 2017 Serikali ikawatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44, na tangu siku hiyo wageni wangu huniletea tangazo hilo kama ushahidi. Tangazo lile lilihusu asili na uraia, na ndani ya kundi hilo wamo Wahindu, Waislamu, Wajaini, Wakristo na Masikhi kwa pamoja. Haliwezi kuigeuza dini kuwa ukoo, kama vile kuwapo kwa Wakatoliki wengi miongoni mwa Waluo hakuugeuzi Ukatoliki kuwa wa Kiluo.

Sasa tuangalie dini yenyewe inasema nini. Sikh Rehat Maryada, mwongozo wa mwenendo uliokamilishwa mwaka 1945, unamtaja Sikhi kuwa ni binadamu yeyote anayemwamini Mungu mmoja asiyekufa, Guru kumi kuanzia Nanak hadi Gobind Singh, Guru Granth Sahib (kitabu chetu kitakatifu), mafundisho ya Guru hao na Amrit iliyoachwa na Guru wa kumi, yaani maji matamu ya ibada anayokunywa mtu anapoweka ahadi yake, na ambaye hashiki dini nyingine. Mwongozo huohuo unasema wazi kwamba mwanamume au mwanamke wa nchi yoyote, wa tabaka lolote, anayekubali kuishi kwa misingi hiyo ana haki ya kupewa Amrit. Hakuna sharti la damu, wala la lugha ya mama.

Anayetaka historia badala ya kanuni aangalie Anandpur, mji wa Punjab, mwaka 1699. Watu watano waliosimama Guru Gobind Singh alipomtaka aliye tayari kutoa kichwa chake, ambao tunawaita Panj Piare, yaani Wapendwa Watano, walitoka Lahore, Hastinapur, Puri, Dwarka na Bidar, yaani kutoka pembe za Bara Hindi zilizo mbali sana kati yao, na miongoni mwao alikuwamo mchota maji na kinyozi, watu ambao jamii ya wakati ule isingewaruhusu hata kula pamoja na wakubwa. Walikunywa kutoka bakuli moja la chuma, kisha Guru mwenyewe akapiga magoti mbele yao na kuomba Amrit hiyohiyo. Tena, kila anayepokea Amrit hadi leo huambiwa kwamba kuanzia siku hiyo baba yake ni Guru Gobind Singh, mama yake ni Mata Sahib Kaur, na nyumbani kwake ni Anandpur Sahib. Ukoo wake wa zamani unahesabiwa kuwa umekoma kuwa kipimo cha hadhi yake. Naomba msomaji atulie kidogo hapa, kwa maana maneno hayo huambiwa pia kijana wa Kipunjabi aliyezaliwa Milimani, ambaye babu zake wote walikuwa Masikhi. Yeye na yule wa Seme husimama mstari mmoja, mikono imekunjwa, na hakuna anayetangulia mwenzake.

Kwa nini basi watu hawatuoni tukihubiri sokoni Kibuye? Kwa sababu hatuna desturi ya kuwinda waumini. Guru Nanak alisafiri miaka mingi akiwa na Mardana, Mwislamu aliyempigia rababu, na hakumtaka aliyekutana naye abadili jina la dini yake kabla ya kuishi kwa ukweli. Guru Granth Sahib yenyewe, katika kurasa zake 1430, ina tenzi za Farid, sufi wa Kiislamu, za Kabir mfumaji, na za Ravidas mshona viatu. Kutomfuata mtu nyumbani kwake hakumaanishi kumfungia mlango anapokuja mwenyewe, na nashangaa jinsi jambo jepesi hivi linavyowashinda watu wengi.

Hata hivyo, sitawasingizia watu wa nje peke yao. Lawama kubwa ni yetu. Tunafundisha kwamba tabaka ni upotovu, lakini zipo gurdwara katika nchi hii zilizojengwa kwa misingi ya tabaka, na majina yake bado yanaonyesha hivyo. Na mazungumzo ya ndoa yanapoanza, swali la ukoo wa mchumba hujitokeza haraka kuliko swali la imani yake. Tunatoa matangazo kwa Kipunjabi kitupu huku mgeni ameketi mbele yetu. Nimemwona mwanamke wa Kiluhya aliyehudumu jikoni kwa muda mrefu akiulizwa na mama mmoja ameajiriwa na nani. Nilimweleza yule mama ukweli hapohapo, naye aliaibika, lakini sina hakika kama aibu ya mtu mmoja inabadilisha mazoea ya jumuiya nzima. Mgeni akiniuliza kama atapokewa, humjibu kwamba Guru amekwisha kumpokea, na kwamba sangat itachukua muda zaidi. Jibu hilo silipendi, ila ndilo la kweli.

Kosa la pili ni pacha wa la kwanza. Mgeni akishaamini kwamba mlango uko wazi, anataka kuingia leo. Wengi wamelelewa katika makanisa ambako mtu huitikia wito, akabatizwa, kisha akafundishwa polepole, kwa hiyo huja wakiuliza Amrit hutolewa siku gani. Kwetu mpangilio ni kinyume. Mtu huanza kwa kuja, kufunika kichwa, kuketi chini na wengine, kusikiliza kirtan, yaani tenzi zinazoimbwa, kula langar na kuhudumu. Hujifunza Mool Mantar, maneno ya kwanza ya Guru Granth Sahib, kisha Japji, kisha sala nyingine za kila siku. Huanza kuchuma riziki kwa haki na kugawana alichonacho. Akiyaamini yaliyotajwa katika mwongozo na kuyaishi, tayari yuko ndani ya njia. Amrit ni ahadi ya mtu aliyekwisha kuijua njia hiyo na kukata shauri kwamba hatarudi nyuma: kila siku ataamka mapema kwa sala, na hatavunja makatazo manne, yaani kukata nywele, kula nyama ya kutha (nitaieleza chini), kuzini na kutumia tumbaku. Anayevunja mojawapo huhesabiwa kuwa ameanguka, na hurudi mbele ya Panj Piare, Masikhi watano wanaosimamia ibada hiyo, kupokea Amrit upya. Ndiyo maana mimi huwazuia wenye haraka, na ndiyo maana hunikasirisha kusikia kwamba nawazuia kwa sababu ya rangi yao. Wapunjabi wengi wa mji huu hawajapokea Amrit, na hao siwasikii wakiambiwa si Masikhi.

Tuje kwenye nywele, kwa kuwa vijana wengi wanaokuja kwangu wana rasta, na huamini kwamba sharti la kesh, yaani kutokata nywele, wamekwisha kulitimiza. Kesh ni nywele ambazo hazijakatwa, ndiyo, lakini huenda pamoja na kangha, kitana cha mti kinachokaa ndani ya nywele, na mapokeo yetu hutaka zichanwe mara mbili kwa siku. Kangha iliwekwa makusudi ili kututenga na wale yogi wa India walioacha nywele zishikane kama alama ya kuukimbia ulimwengu; Sikhi anatakiwa kukaa ulimwenguni na kuutunza mwili wake, akiwa na kazi, familia na usafi. Kwa hiyo jibu la kawaida ni kwamba rasta zifunguliwe. Mgumu zaidi ni upande wa vitendo. Kangha inayouzwa Amritsar ilichongwa kwa ajili ya nywele zilizonyooka, na ukiipitisha katika nywele za kipilipili meno huvunjika. Kwa wenye nywele hizo hupendekeza kitana cha mti chenye meno mapana, mafuta kabla ya kuchana, na subira. Kuna wazee wanaosema umbo la kangha lisibadilishwe hata kidogo, na wapo wanaosema nywele zenye asili ya kujisokota zipimwe kwa asili yake. Mimi niko na hao wa pili, ingawa sijapata andiko la kulimaliza suala hilo. Bangi haina mjadala: mwongozo unaikataza pamoja na pombe, kasumba na tumbaku.

Kilemba huwasumbua watu kidogo kuliko ninavyotarajia. Waliolelewa katika Akorino, hasa wanaotoka upande wa Nakuru, hukizoea upesi. Kwa wanawake kilemba ni hiari.

Suala la chakula lina utata wa kweli, na vitabu vya watoto hulipitia kwa kasi isiyo ya haki. Langar haina nyama ili kila mtu aweze kula, na hilo halimaanishi kwamba kila Sikhi hali nyama. Kilichokatazwa katika mwongozo ni kutha, yaani nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu, na katazo hilo halina chuki kwa Waislamu, ambao twaishi nao vizuri hapa. Lakini katika nchi yetu vichinjio vingi huchinja kwa utaratibu huohuo ili kila mteja aridhike, kwa hiyo aliyepokea Amrit hapa Kisumu huiacha nyama ya buchani kwa lazima hata kama hakukusudia. Na samaki je? Katika mji ulio kando ya ziwa, swali hili huulizwa kabla ya swali la Mungu. Samaki hachinjwi kwa ibada yoyote, kwa hiyo kwa maandishi ya mwongozo sioni katazo. Hata hivyo, jumuiya kadhaa za Kisikhi hukataa nyama, samaki na mayai kabisa, nazo hutaja maneno ya Kabir katika ukurasa wa 1377, anakowakemea walao samaki na kunywa mvinyo huku wakihesabu hija na saumu zao. Wengine huwajibu kwa ukurasa wa 1289, ambapo Guru Nanak anasema wajinga ndio wanaogombana juu ya nyama. Mimi sili nyama wala samaki, lakini sitamwambia mvuvi wa Dunga kwamba omena itamtenga na Guru.

Lugha isimtishe mtu. Gurmukhi ina herufi 35 za msingi, na watoto wa Kipunjabi katika darasa langu hushindwa na Kisant Bhasha, lugha ya tenzi, kama wanavyoshindwa wengine. Jina pia lisimtishe: hutolewa kwa herufi ya kwanza ya hukam, utenzi unaofunguliwa katika Guru Granth Sahib, siku ya kupewa Amrit, likafuatwa na Singh au Kaur, na kubadilisha kitambulisho ni shauri lake mwenyewe na Serikali.

Jambo ambalo hakika huniumiza kichwa ni msiba. Katika koo nyingi za Waluo na Waluhya wafiwa hunyolewa baada ya mazishi, na mwana anayekataa wembe baba yake alipofariki huonekana amemkana baba. Aliyepokea Amrit hawezi kunyolewa. Hapo sina njia ya kati ya kumpa. Na akifa yeye mwenyewe, desturi yetu ni kuchoma maiti bila kujenga chochote juu ya majivu, ilhali ukoo utataka azikwe nyumbani, na sote tunakumbuka kesi ya kugombania maiti ya wakili S. M. Otieno, iliyomalizika mwaka 1987 kwa mazishi ya Nyalgunga kinyume cha matakwa ya mjane wake. Mwongozo wenyewe ni mpole kuliko watu wanavyodhani: unasema pale ambapo kuchoma hakuwezekani, kusiwe na wasiwasi wa kuutoa mwili kwa maji yanayopita au kwa njia nyingine yoyote. Wazee wengine husoma maneno hayo kuwa ni ya dharura tu. Mimi huona kwamba roho ya Sikhi aliyezikwa Siaya haijapungukiwa na kitu, na nimewaambia wazee hivyo.

Kwa sababu hiyo, mimi humwomba kwanza kila anayekaribia Amrit aende nyumbani, aketi na wazazi na ndugu zake, na ayaseme mambo ya wembe na ya mazishi wakati wote wako hai na hakuna anayelia. Akipenda, mimi na wazee wawili au watatu wa sangat hufuatana naye.