Kadi ya e-Residency ya Estonia sio akaunti ya benki
Watu wengi wanadhani ukishapata ile kadi ya e-Residency ya Estonia, ambayo serikali ya huko ilianza kuwapa watu wa nchi nyingine Desemba 2014, basi na akaunti ya benki unayo tayari. Hapana jamani. Kadi ni kitambulisho cha kidijitali tu, unasajili kampuni na kusaini nyaraka mtandaoni, lakini mambo ya akaunti benki yenyewe ndo inaamua, iwe Swedbank, SEB, LHV au Luminor, watataka kujua biashara yako inahusiana vipi na Estonia na hela inatoka wapi, wasiporidhika wanakukatalia. Inaniuma sana nikiona mtu kalipia kadi kwa ajili ya akaunti tu. Na ruhusa ya kuishi kule haikupi, viza unaomba kivyake.