Kichwa cha Gitaa Kimevunjika: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Likivunjika kichwa, gitaa limekwisha." Si kweli. Kichwa ni ile ncha ya shingo yenye vyuma vya kukazia nyuzi, nacho huungika tena. Gundi ya mbao wanayotumia maseremala, ikishakauka sawasawa, hushika kuliko mbao yenyewe. Mpasuko mrefu wa mshazari, unaoonekana sana kwenye gitaa la umeme la Gibson Les Paul, hutoa nafasi pana ya gundi kushika. Ukibanwa vizuri na kuachwa saa 24, shingo hubeba tena mvuto wa nyuzi zote sita, takriban kilo 45, kwa miaka mingi.

"Tia supaglu, inashika sasa hivi." Hili ndilo linaloua magitaa yaliyokuwa na uhai, na naomba msilifanye. Supaglu huzama ndani ya mbao, na gundi ya mbao haishiki tena juu yake. Fundi hulazimika kukwangua, na kila akikwangua anapoteza zile nyuzinyuzi za mbao zilizokuwa zikutane na zile za upande wa pili. Kabla ya kumfikia fundi, legeza nyuzi, kusanya hata vibanzi vidogo, na usijaribu kuunganisha vipande mara kwa mara ili kuona kama vinaingiana.

"Limo ndani ya kasha, haliwezi kuvunjika." Les Paul nyingi huvunjikia humo humo. Shingo ni mahogani, kichwa kimeinama nyuma digrii 17, na mbao imechimbwa pale pale kichwa kinapoungana na shingo ili kupitisha nati ya chuma cha kunyooshea shingo. Kasha likianguka chali, mwili husimama ghafla lakini kichwa, kizito kwa vyuma vya kukazia nyuzi, kinaendelea kwenda. Gitaa la Fender Stratocaster, lenye shingo ya mbao ya mepo (maple) na kichwa kisichoinama, hupatwa na haya kwa nadra.

"Piga skrubu mbili." Skrubu hupasua mbao iliyokwisha kudhoofika. Mpasuko ukiwa mfupi mno kwa gundi peke yake, fundi huchonga mifereji inayovuka ufa na kugundisha humo vipande vya mbao ngumu.

"Sauti haitarudi." Kiungo kilichoshika sawasawa hakiharibu sauti. Kinachoshuka ni bei: gitaa la zamani linalotafutwa na wakusanyaji laweza kupoteza hata nusu ya thamani yake, kwa hiyo anayeliuza lazima amwambie mnunuzi. Kwa mpigaji mwenye mfuko mdogo, Les Paul iliyovunjika kichwa kisha ikakarabatiwa vizuri ni nafasi ya kulipata gitaa ambalo asingeliweza likiwa zima.