Vitabu haviazimwi, kaunta haipumui

Kila ripoti ya robo mwaka ikifika mezani, hakosi mkubwa wa kuuliza: mbona vitabu vinavyoazimwa vinapungua, wanafunzi siku hizi hawasomi? Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja hapa Dodoma, na jibu langu ni lilelile: shuka ukumbini saa nne asubuhi utafute kiti. Hukipati. Waliowahi wamekaa ukutani kwenye soketi, waliochelewa wamevuta eksitensheni hadi katikati ya ukumbi. Wengi hawajagusa rafu tangu waingie. Wanasoma, ila wanachosoma hakipiti kwetu kaunta kugongwa muhuri.

Wasio wa fani hii wengi hawajui kwamba majarida ya mtandaoni hatuyamiliki. Kitabu cha karatasi tukikinunua ni chetu mpaka mchwa wakimalize. Jarida la mtandaoni tunalipanga kama chumba: kodi ikiisha, mwenye nyumba anabadilisha kufuli, na hata matoleo ya miaka uliyoilipia unaweza usiyaone tena kama mkataba haukusema. Ndiyo maana siku hizi nasoma mikataba kuliko orodha za vitabu vipya.

Kufuli lenyewe ni la ajabu kidogo. Mchapishaji hamjui mwanafunzi. Anazijua anwani za IP za chuo, yaani namba zinazoutambulisha mtandao wake. Ombi likitoka kwenye mtandao wa chuo, makala inafunguka bila kuuliza nywila. Mwanafunzi huyohuyo akirudi geto Ng'ong'ona akawasha bando, anwani inayoonekana ni ya kampuni ya simu, na ukurasa uleule unamdai dola 30 na ushee. Kesho yake anakuja kaunta kanuna. "Shikamoo madam. Si mlisema ni bure?" Dawa yake ni seva ya proksi: unaingia kwa namba ya usajili na nywila yako, seva inakuombea makala kwa jina la chuo. Umeme ukikatika chumba cha seva, basi tena.

Kinachotuokoa sana ni Research4Life, mpango wa kuzifungulia majarida ya mtandaoni taasisi za nchi zenye kipato kidogo. Ilianza na HINARI mwaka 2002, Shirika la Afya Duniani likishirikiana na wachapishaji wakubwa kutoa majarida ya tiba; baadaye yakaongezwa ya kilimo, mazingira, teknolojia na sheria. Tanzania imo kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi. Nywila inatolewa kwa taasisi, na hapo ndipo ninapogombana na vijana. Mmoja akiirusha kwenye grupu la WhatsApp la darasa, mwingine akaweka programu ya kupakua makala mia kwa mpigo, taasisi nzima inaweza kufungiwa, na mhadhiri aliyekuwa anamalizia andiko lake anakwama kwa kosa la mtu asiyemjua.

Kazi nyingine iliyoingia kwa kasi ni kusaka vyanzo ambavyo havipo. Kijana anakuja na orodha ya marejeo aliyopewa na ChatGPT, anataka makala ya tano. Jarida lipo kweli, juzuu lipo, mwaka unalingana. Nafungua ukurasa uliotajwa, nakuta mtu mwingine kabisa anaandika habari za mbolea. Tunajaribu ya sita, ya saba. Kufika hapo huwa ameshanyamaza. Simkatazi kuiuliza akili unde maswali. Namkataza kuandika chanzo ambacho hajakifungua kwa mkono wake.

Ninachokipenda zaidi katika mageuzi haya yote ni hifadhi ya kidijitali ya tasnifu. Zamani tasnifu ilijalidiwa kwa kava gumu, ikaletwa kwetu, na hapo safari yake ikaisha. Mtu wa Kondoa angeijuaje? Vyuo vingi sasa vinatumia DSpace, programu huria ya kuhifadhi kazi kama hizi, iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Utafiti kuhusu visima vya Mzakwe au zabibu za Makutupora unaweza kusomwa na mhandisi au bwana shamba kwenye simu yake. Lakini Google huokota kilichoandikiwa taarifa vizuri: jina, mwaka, maneno ya kutafutia. Ukikosea tahajia ya Makutupora kwenye rekodi, kwa anayetafuta, tasnifu hiyo haijawahi kuandikwa. Za zamani tunaziskani polepole, na vumbi letu la Dodoma halina huruma: punje moja kwenye kioo cha skana huchora mstari kwenye kila ukurasa unaopita. Kitambaa hakitoki mezani.

Karatasi nayo ipo. Kitabu cha rizevu, kile cha saa mbili usichoruhusiwa kutoka nacho, wiki ya mitihani kinagombewa vilevile. Vingine havina toleo la kidijitali, na vyenye nalo mara nyingi leseni huuzwa kwa idadi ya wasomaji wa wakati mmoja, kwa hiyo foleni inahamia mtandaoni tu.

Wanaokwenda fildi Singida, Manyoni au kwingineko, piteni kaunta kabla hamjapanda basi. Njoo na kitambulisho na simu yako. Tunakufungulia akaunti ya proksi, unazima Wi-Fi ya chuo, unawasha bando lako, tunajaribu makala moja ukiwa umesimama palepale. Ikifunguka, nenda.