Vitamini D na tezi ya thairoidi: maswali yanayoulizwa sana

HLA-DR ni nini, na kwa nini inapimwa kwenye seli za thairoidi?

Ni protini iliyo juu ya seli, inayozionyesha chembe T (askari wa kinga ya mwili) vipande vya protini ili ziamue kama ni vya adui. Kwa kawaida hubebwa na seli za kinga tu. Kwa wagonjwa wa Hashimoto na Graves (magonjwa ambayo kinga huigeukia tezi: Hashimoto huidhoofisha, Graves huifanya ifanye kazi kupita kiasi), seli za thairoidi nazo hukutwa nayo, hasa zikichochewa na interferoni gama, kemikali ya kinga inayotolewa na chembe T zilizokwisha kuingia kwenye tezi. Yaani seli inajianika mbele ya anayeishambulia. Mwaka 1983 mtafiti Bottazzo na wenzake walidai kuwa hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Yaelekea zaidi kwamba hali hiyo huuendeleza.

Vitamini D inafanya nini hapo?

Umbo lake linalofanya kazi, kalsitrioli, likiwekwa maabara pamoja na interferoni gama, HLA-DR hupungua kwenye seli za thairoidi. Lakini majaribio hayo mara nyingi hutumia kalsitrioli nyingi kuliko ile ya kwenye damu.

Basi nikimeza vidonge nitapona?

Hapana. Vitamini D3 unayomeza hubadilishwa kwanza na ini, kisha figo, na mwili hudhibiti vikali kiasi cha kalsitrioli. Baadhi ya tafiti zimeona kingamwili za TPO (zinazolenga kimeng'enya cha thairoidi) zikishuka. Hilo halimaanishi tezi imerudia kazi yake. Usiache levothairoksini, dawa ya homoni ya thairoidi.

Nitumie kiasi gani?

Pima kwanza 25-hidroksivitamini D, umbo la vitamini D linalopimwa kwenye damu. Chini ya 20 ng/mL (50 nmol/L) ni upungufu. Mtu mzima huhitaji IU 600 hadi 800 kwa siku (IU ni kizio cha kimataifa; IU 40 ni mikrogramu 1). Usivuke 4,000 bila daktari. Ikizidi mno, kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu, mkojo mwingi, kichefuchefu, mawe kwenye figo.

Kuna vidonge vinavyogongana?

Vipo. Vitamini D iliyochanganywa na kalsiamu huzuia levothairoksini isifyonzwe; ziachanishe kwa saa 4. Biotini, ile ya nywele na kucha, haiidhuru tezi ila huvuruga vipimo: dozi ya miligramu 5 hadi 10 yaweza kuonyesha TSH (homoni inayoiamuru tezi) ya chini na T4 (homoni ya tezi yenyewe) ya juu, ukadhaniwa una Graves. Isimamishe angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, na uwaambie wa maabara.