Je, wajua? Washairi wa wafalme wa Kitamil hawakuwa machawa

Ukisikia mfalme anamlipa mshairi ili amsifie, akili inakimbilia kwa chawa, yule anayekula kwa bosi na kazi yake ni kummwagia sifa asubuhi mpaka usiku. Na ukifungua Purananuru, mkusanyiko wa mashairi 400 ya Kitamil cha kale kutoka kusini mwa India, utadhani umeshapata ushahidi, maana huku mtu analia njaa, kule mwingine kaondoka na tembo mzima kwa sababu ya beti chache tu.

Enzi zenyewe huwekwa takriban kati ya karne ya 1 KK na ya 3 BK, japo wapo wataalamu wanaozisogeza mbele sana, kwa hiyo tarehe tusizing'ang'anie. Falme kubwa zilikuwa tatu, Chera, Chola na Pandya, na pembeni machifu kibao.

Sasa shida ya hii hoja ya uchawa ni kwamba hawa malenga wanafanya vitu ambavyo chawa wa kweli angetimuliwa siku hiyohiyo. Mchukue Perunchithiranar, fukara wa kutupwa. Kaenda kwa chifu Athiyaman, chifu hakutoka hata kumwona, kamtumia zawadi tu. Jamaa akaikataa! Akasema yeye si mshairi mchuuzi, bora apewe kitu kidogo kama punje ya nafaka lakini na mtu aliyempima akaujua uwezo wake. Safari nyingine chifu Ilaveliman alimpa kitu kiduchu, akasusa, akaenda kwa chifu mwingine, Kumanan, akapewa tembo, kisha akarudi na tembo wake akamfunga kwenye mti wa ulinzi wa Ilaveliman, ule mti mtakatifu ambao chifu anaulinda kama heshima yake, akamwambia mtazame, hii ndiyo zawadi. Kwa visasi vidogovidogo vya namna hii sijui nani anamfikia.

Halafu kuna malenga Kovur Kilar. Mfalme Killivalavan wa Chola alitaka watoto wa adui yake wakanyagwe na tembo, malenga akaingilia kati akisema hawa ni wadogo mno, wamewaona tembo wakashangaa mpaka wakasahau kulia. Kovur Kilar huyohuyo aliwakuta Wachola wawili wa ukoo mmoja wanazingirana, akawaambia mmoja wenu akishindwa ni ukoo wenu umeshindwa, na kushinda wote wawili haiwezekani. Na Auvaiyar, malenga mwanamke, alitumwa na Athiyaman kwa mfalme Tondaiman, akaonyeshwa ghala la silaha. Akazisifia: zina manyoya ya tausi, zimepakwa samli, zinang'aa, zimetunzwa vizuri. Za bwana wangu, akasema, ziko kwa mhunzi, zimevunjika ncha kwa kuwachoma maadui. Kila neno ni sifa, na kila neno ni kofi.

Kwa nini wafalme walivumilia? Fikiria mdhamini wa mkopo kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Kama mdhamini anamsainia kila anayepita, sahihi yake haina maana, hata wewe mkopaji mwaminifu haikusaidii kitu. Lakini yule mzee ambaye jana alimkatalia shemeji yake mbele ya watu, leo akikusainia wewe, umemaliza, hakuna atakayekuuliza swali. Sasa sifa za malenga zilikuwa sahihi ya namna hiyo, zilikuwa na thamani kwa sababu angeweza kukunyima na akampelekea jirani yako, na jirani yako alikuwa hasimu wako. Ndiyo maana mfalme kijana wa Pandya, Nedunchezhiyan, alipoapa kuwashinda waliomdharau, moja ya laana alizojiwekea akishindwa ni kwamba malenga wakiongozwa na Mangudi Maruthan wasiiimbe tena nchi yake.

Na sifa zilikuwa na njia ya kusambaa. Kuna aina nzima ya shairi ambamo manju aliyeshiba na zawadi anakutana njiani na mwenzake mwenye njaa, anamwelekeza: pita pale, vuka mto ule, utakula hiki, mwishoni utamkuta fulani, hanyimi mtu. Katika mashairi 10 marefu ya enzi hizo, 5 ni ya aina hii. Chifu bahili hayumo kwenye ramani.

Ila tusiwapambe sana. Mashairi mengine ni kuomba tu, waziwazi, watoto hawajala. Na zile hesabu za kutisha za zawadi, kama vipande 1,600,000 vya dhahabu ambavyo inadaiwa mfalme Karikala wa Chola alitoa kwa shairi moja, zinatoka kwenye maandishi ya karne nyingi baadaye, kwa hiyo hapo weka chumvi.

Ukarimu wa Athiyaman angalau umeacha kitu nje ya mashairi. Mwaka 1981 huko Jambai, Tamil Nadu, yalipatikana maandishi kwenye mwamba yakisema Athiyaman Neduman Anji ndiye aliyetoa makao yale ya pango. Kwa chifu wa kusifiwa vile, pango ni zawadi ya kawaida kabisa.