Redio isiyo na betri: acha kuilaumu daiodi

Anayeunda redio ya kristali kwa mara ya kwanza huhangaika sana na daiodi, kile kijifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Anaisaka 1N34A ya jemaniamu kila mahali, akiipata anafunga sakiti, anachomeka visikilizio vya simu, kimya. Basi lawama zote zinaiangukia daiodi. Mimi nikiulizwa naanzia kwingine: unasikilizia nini, na waya wako umeufunga wapi?

Redio hii haina betri wala haichomekwi kwenye umeme. Nguvu yote inayotikisa kisikilizio imetoka kwenye mnara wa stesheni, ikasafiri hewani, ikanaswa na antena yako, na hakuna mahali inapokuzwa njiani. Ukilielewa hilo, kila kifaa utakachokifunga utakipima kwa swali moja tu: kinanipotezea kiasi gani?

Antena iwe waya wa mita 10 hadi 20, juu kadiri unavyoweza, isiguse bati wala ukuta. Halafu kuna erthi, yaani waya unaoingia ardhini, ambayo wengi huiruka. Nondo iliyopigwa kwenye udongo wenye unyevu inatosha, au bomba la chuma la maji baridi linaloingia ardhini. Usitumie erthi ya soketi ya ukutani: italeta mvumo wa umeme wa nyumba, na kama aliyefunga nyaya alikosea, italeta umeme wenyewe. Mvua ikianza kujikusanya, chomoa antena na uiache nje. Usingoje radi ndiyo uinuke.

Koili ndiyo kazi ya mkono. Chukua bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 7.5, na waya wa shaba wenye vanishi, ule wa kusukia mota, unene wa nusu milimita. Sokota mizunguko 50, waya ukilala kando ya mwenzake bila kupandana. Utapata takribani mikrohenri 230. Ukiifunga sambamba na kapasita badilifu ya pikofaradi 365, ya kung'oa kwenye redio ya zamani, umepata bendi nzima ya mawimbi ya kati: sahani za kapasita zikiingiana zote uko karibu na kilohezi 550, zikifunguka zote unafika kama 1600. Kila baada ya mizunguko kumi kunja kitanzi kidogo kitokeze nje. Utavihitaji baadaye.

Hapo kwenye vitanzi ndipo redio nyingi zinapofia. Vanishi ya waya huu ina rangi ya shaba, kwa hiyo jicho linakudanganya kwamba waya uko wazi. Ukwangue kwa msasa pande zote, si upande mmoja, mpaka rangi igeuke kuwa ya waridi inayong'aa. Kisha weka multimita kwenye ncha mbili za koili. Isiposoma karibu na sifuri, rudi kwenye msasa.

Sasa daiodi. Kazi yake ni kukata nusu ya wimbi ili sauti iliyobebwa na AM, yaani na ukubwa wa wimbi, ibaki. Ya silikoni, kama 1N4148, huanza kupitisha umeme vizuri kwenye volti 0.6 hivi, na antena yako kwa kawaida haifiki hapo. Ya jemaniamu inatosheka na 0.2 au 0.3. Ukiikosa, daiodi ya Schottky kama BAT85 itafanya kazi. Kabla ya hizi zote watu walitumia mawe. Jagadish Chandra Bose alipewa hataza ya Marekani mwaka 1904 kwa kinasa mawimbi cha galena, jiwe lenye madini ya risasi, na mwaka 1906 Greenleaf Whittier Pickard akapata yake kwa silikoni. Wanajeshi waliokwama Anzio, Italia, mwaka 1944 walitumia wembe na risasi ya penseli, wakasikiliza. Sasa niambie kweli tatizo lako ni daiodi.

Tatizo ni sikio. Visikilizio vya simu vina ukinzani wa omu 16 au 32. Ukivifunga moja kwa moja kwenye sakiti hii unakuwa unajaza mtungi uliotoboka: koili na kapasita zinajitahidi kukusanya nguvu ya stesheni moja, na visikilizio vinainyonya yote kabla haijafika popote. Tafuta vya sumaku vya zamani vya omu 2000 au zaidi, au kile kidogo cha kristali cha sikio moja. Hicho cha kristali hakipitishi umeme mnyoofu, kwa hiyo kifungie rizista ya kiloomu 47 sambamba. Bila hiyo chaji hujaa, daiodi hujifunga, sauti hukwaruza au hupotea. Kama una vya simu tu, weka transfoma ndogo ya sauti katikati, upande wenye mizunguko mingi ukitazama daiodi.

Ukishafunga yote, antena na daiodi juu ya koili, erthi chini yake, geuza kapasita polepole mno. Ukisikia stesheni mbili zikipigana, usikimbilie kuongeza vifaa. Hamisha antena kutoka juu ya koili uipeleke kwenye kitanzi kilicho karibu na erthi. Sauti itapungua kidogo, lakini stesheni zitaachana, kwa sababu antena haiilemei tena koili nzima. Daiodi nayo ukiishusha kitanzi kimoja au viwili, mara nyingi mambo yananoga zaidi. Jaribu mchanganyiko wowote. Hakuna jibu moja, maana urefu wa antena yako na umbali wa mnara ndivyo vinavyoamua. Na ujaribu usiku pia, wakati mawimbi ya kati yanaporudishwa na anga ya juu na stesheni za mbali zinafika.

Wapo wanaouliza kama itanasa FM. Hapana, si kwa koili hii. FM iko megahezi 88 hadi 108, na sauti yake imefichwa kwenye mabadiliko ya masafa, si kwenye ukubwa wa wimbi. Kama mlipo hakuna tena stesheni ya AM, unda ya transista moja aina ya supa-rijenereta, inayorudisha mawimbi kwenye transista ileile yakuzwe tena na tena, yenye betri. Ila jua kwamba hiyo nayo hurusha mawimbi yake, kwa hiyo jirani anayesikiliza redio anaweza kukujia mlangoni.