Unataka kushusha Subaru yako? Anza na shokapu

Vijana wanaoleta Impreza hapa karakana ya chuo chetu swali lao la kwanza huwa moja tu, mwalimu inashuka inchi ngapi, na mimi nawajibu kila siku kwamba hilo ndio swali la mwisho. La kwanza ni shokapu itabaki na nafasi gani ya kucheza ukishaishusha, maana bodi haishuki peke yake, inashuka na kila kitu kilichofungwa pale chini, loa ami (mkono wa chini unaoshika tairi), tairodi (fimbo ya usukani), bushi (raba za maungio), vyote vinabadilisha pembe.

Tuchukue Impreza WRX za mpaka 2007, ambazo miguu yote minne ni strati, yaani springi imevikwa kwenye shokapu, vinakaa kitu kimoja. Ukishusha milimita 20 mpaka 30 bado gari inakuelewa, na seti nyingi nzuri za springi za kushushia ziko humo humo. Ukienda 50 na kuendelea loa ami inaanza kuinuka upande wa tairi, hapo ndio watu wanashangaa, gari iko chini lakini kwenye kona inataka kulala zaidi kuliko mwanzo. Sababu ni kwamba ile pointi ambayo bodi inajizungushia ikilala imeshuka haraka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka. Mtu anaongeza springi ngumu zaidi kuficha tatizo, matokeo yake gari inarukaruka kwenye lami yenye viraka na tairi linaachia barabara pale pale ambapo alilihitaji. Kuna boljointi ndefu, yaani viungo vya kwenye ncha ya loa ami, za kurudisha ami ilale vizuri, ila mimi kwa gari ya kila siku nakushauri usishuke kiasi hicho.

Kukata springi naomba tuache kabisa jamani. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukikata mmoja imebaki 5, ugumu umepanda asilimia 20, sasa shokapu ya kiwandani haijatengenezwa kuituliza springi ya namna hiyo. Halafu ukiinua gari kwa jeki, au tairi likining'inia kwenye shimo, ile springi fupi inalegea na inaweza kutoka kwenye kikombe chake. Ya kuchoma na moto ni mbaya zaidi, chuma kinapoteza ukakamavu wake na inaendelea kushuka yenyewe mpaka ivunjike.

Seti za kununua ziko za aina mbili kubwa. Kuna springi fupi peke yake, hizi zinafanya kazi na shokapu zako kama bado ni nzima, ila ujue shokapu hizo zitaishi muda mfupi kwa sababu zinachezea chini muda wote. Halafu kuna koilova, shokapu na springi vya kuja pamoja, unazungusha unapata urefu unaotaka. Hapa angalia sana: zipo ambazo unashusha kwa kuteremsha kikalio cha springi, kila ukishusha unakula nafasi ya shokapu, na zipo ambazo mguu wa chini wenyewe unaingia na kutoka, hizo urefu unabadilika nafasi inabaki ile ile. Bei zinatofautiana, na kwa barabara zenye matuta hiyo tofauti ina thamani yake.

Kujua nafasi iliyobaki hauhitaji mashine. Inua ile raba ya vumbi, funga kitai cha plastiki kwenye fimbo ya shokapu kabisa chini, endesha njia yako ya kila siku na abiria wako wa kawaida, kisha rudi uangalie kimesukumwa mpaka wapi. Kikiwa kimegonga raba ya kituo, ile inayozuia shokapu isigonge mwisho, kila siku, gari yako haina tena springi, inakalia raba.

Kwenye kufunga, springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua, kwahiyo tumia kibana springi kizima na usikae mbele ya nati ya juu unapoifungua, wanafunzi wangu wote wanalijua hili kabla hata hawajashika spana. Bolti ya juu inayoshika strati za mbele kwenye nako (chuma kinachobeba habu ya tairi) ina kichwa cha kurekebisha kemba, yaani tairi linavyoinama ndani au nje, ipige alama ya rangi kabla hujaigusa. Ukigusa bushi za loa ami, nati zake kaza gari ikiwa imekaa chini kwenye tairi zake, ukikaza ikiwa hewani raba inakaa imejipinda muda wote na itachanika mapema.

Mwezi uliopita ililetwa moja, nje tairi lina kashata zake zote, nikapitisha mkono upande wa ndani nikakuta nyuzi. Mwenye gari kaambiwa huko alikofungiwa ni kemba. Kemba inachangia kweli, lakini tulivyopima mlaji mkubwa alikuwa tou, yaani tairi zinatazama pembeni badala ya mbele na kusugua lami kila mita. Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha pembe za tairi, hakufanya kabisa.

Kwahiyo pima kabla na baada, kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa madigadi, sio kutoka ardhini maana upepo wa tairi utakudanganya. Endesha wiki mbili springi zikae, pima tena, ndio ufanye alaimenti ya mwisho, ile ya kwanza ifanye siku hiyo hiyo ya kufunga. Na taa za mbele zirekebishwe siku hiyo pia, maana mbele na nyuma havishuki sawasawa, mwanga unaweza kumpiga machoni anayekuja au kuishia karibu na bampa lako.